Uwiano wa maji na saruji

Uwiano wa maji na saruji ni kipimo kinacholinganisha uzito wa maji na uzito wa saruji katika mchanganyiko wa zege au udongo wa saruji wa kujengea. Hupatikana kwa kugawanya uzito wa maji kwa uzito wa saruji. Kwa mfano, mfuko mmoja wa saruji wa kilogramu 50 ukichanganywa na lita 25 za maji, uwiano ni 25 ÷ 50 = 0.5, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilogramu moja.

Kati ya mambo yote yanayoathiri nguvu ya zege, uwiano huu ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Zege lenye maji mengi ni rahisi kumwaga na kusawazisha, lakini likishakuwa gumu huwa dhaifu, hupitisha maji na hupata nyufa kwa urahisi. Zege lenye maji machache huwa na nguvu zaidi, mradi liweze kushindiliwa vizuri hadi hewa yote itoke.

Nguvu ya zege haionekani kwa macho. Hujulikana kwa kuvunja vipande maalumu kwenye mashine ya maabara. Namba inayopatikana hutegemea zege lenyewe, na pia hutegemea jinsi kipande kilivyotengenezwa, kilivyotunzwa na kilivyovunjwa. Kwa sababu hiyo majibu ya vipimo hayalinganishwi bila kujua hali ya upimaji.

## Viambato vya zege

Zege (katika baadhi ya maeneo huitwa konkriti) ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanga na kokoto huchukua sehemu kubwa ya ujazo wake, kwa kawaida kati ya asilimia 60 na 75. Saruji na maji hufanya uji unaozunguka kila punje ya mchanga na kila kokoto, kisha uji huo hugeuka kuwa jiwe na kuzishika pamoja.

Kokoto nzuri za mawe magumu kwa kawaida zina nguvu kuliko uji wa saruji ulioganda. Kwa hiyo zege la kawaida likivunjika, mara nyingi huanza kuachia kwenye uji huo, hasa mahali unapogusana na kokoto. Ndiyo maana ubora wa uji, ambao unategemea kiasi cha maji, huamua nguvu ya zege zima.

## Kazi ya maji ndani ya zege

Watu wengi hudhani kwamba zege huwa gumu kwa kukauka, kama udongo wa mfinyanzi unavyoanikwa juani. Sivyo. Saruji huwa gumu kwa mmenyuko wa kikemia kati yake na maji. Madini ya saruji, hasa silikati za kalisi, huungana na maji na kutengeneza fuwele ndogo sana na utelezi mgumu unaojaza nafasi kati ya punje. Mmenyuko huo hutoa joto. Unaweza kuendelea hata chini ya maji, na unasimama maji yakiisha.

Utafiti wa Mmarekani T. C. Powers na wenzake, uliotolewa katika miaka ya 1940, ulionyesha maji yanakwenda wapi:

* Maji yanayofungwa kikemia ndani ya madini mapya ni takriban 0.23 ya uzito wa saruji.
* Maji yanayonaswa ndani ya vitundu vidogo mno vya utelezi huo ni takriban 0.19 ya uzito wa saruji.
* Maji yanayobaki hayana kazi katika mmenyuko. Huacha vitundu na vijia vyembamba ndani ya uji ulioganda.

Kwa hiyo saruji yote ikiungana na maji, kinachohitajika ni karibu 0.42 ya uzito wake. Kwa mfuko wa kilogramu 50 hayo ni lita 21. Fundi akitia lita 30, yaani uwiano wa 0.6, zinabaki lita 9 zisizohitajika na saruji. Zege likiganda, mahali palipokaa maji hayo hubaki nafasi tupu. Kadiri nafasi hizo zinavyoongezeka ndivyo zege linavyokuwa na mwili mdogo wa kubeba mzigo.

Uwiano ulio chini ya 0.42 haumaanishi kwamba zege litakuwa dhaifu. Sehemu ya saruji haitapata maji ya kutosha, lakini punje hizo ambazo hazikuungana hubaki ndani kama vijiwe vigumu. Tatizo la maji machache ni jingine: zege huwa kavu, halijai vizuri kwenye fomu, na huacha mapango ya hewa yanayofanana na masega ya nyuki.

## Historia

Saruji ya Portland ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin wa Leeds. Jina lake lilitokana na kufanana kwake na jiwe la kujengea linalochimbwa Portland, kusini mwa nchi hiyo. Kwa miaka mingi baada ya hapo mafundi walichanganya zege kwa mazoea, na mjadala mkubwa ulihusu kiasi cha saruji, mchanga na kokoto. Maji yalitiwa kwa kukadiria.

Mfaransa René Féret, aliyefanya kazi Boulogne-sur-Mer, alionyesha katika miaka ya 1890 kwamba nguvu inahusiana na ujazo wa saruji ukilinganishwa na ujazo wa maji na hewa kwa pamoja. Mwaka 1918 Mmarekani Duff Abrams, akiwa katika maabara ya Lewis Institute mjini Chicago, alitoa matokeo ya maelfu ya vipimo. Alieleza kwamba kwa viambato vya aina moja, na zege likiwa limeshindiliwa vizuri, nguvu hutegemea uwiano wa maji na saruji. Kanuni hiyo hujulikana kama kanuni ya Abrams na huandikwa hivi:

S = A ÷ Bˣ

Hapa S ni nguvu ya zege, x ni uwiano wa maji na saruji, na A na B ni namba zinazotegemea aina ya saruji, umri wa zege na namna ya kupima. Kwa kuwa x iko kwenye kipeo, ongezeko dogo la maji hupunguza nguvu kwa kiasi kikubwa.

Kanuni za Féret na Abrams hazipingani. Ile ya Féret huhesabu pia hewa iliyobaki ndani ya zege, ilhali ile ya Abrams huchukulia kwamba hewa imekwisha kutolewa.

## Uhusiano wa uwiano na nguvu

Nguvu ya zege ya kuhimili mgandamizo hupimwa kwa megapaskali (MPa). Megapaskali moja ni sawa na nyutoni moja kwa kila milimita mraba. Jedwali lifuatalo linaonyesha makadirio yanayotumika katika mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani kwa zege la kawaida, likipimwa kwa silinda baada ya siku 28.

| Uwiano wa maji na saruji | Nguvu ya silinda kwa siku 28 (MPa) |
|---|---|
| 0.41 | 41 |
| 0.48 | 34 |
| 0.57 | 28 |
| 0.68 | 21 |
| 0.82 | 14 |

Namba hizi ni za kuanzia tu. Saruji za viwanda mbalimbali hazifanani, wala kokoto za machimbo mbalimbali. Kwa kazi kubwa, michanganyiko ya majaribio hutengenezwa kwa viambato vilevile vitakavyotumika, kisha hupimwa kabla ya ujenzi kuanza.

### Mfano wa hesabu

Mchanganyiko una saruji kilogramu 50, na umepangwa kuwa na uwiano wa 0.5.

* Maji yanayotakiwa: 50 × 0.5 = lita 25. Nguvu inayotegemewa kutokana na jedwali ni karibu MPa 33.
* Wabebaji wanalalamika kuwa zege ni zito, na ndoo moja ya lita 10 inaongezwa. Maji sasa ni lita 35, na uwiano ni 35 ÷ 50 = 0.7.
* Nguvu inayotegemewa sasa ni karibu MPa 20.

Ndoo moja imeondoa zaidi ya theluthi moja ya nguvu, ingawa kiasi cha saruji, mchanga na kokoto hakikubadilika. Kama ni lazima kuongeza maji lita 10 na uwiano ubaki 0.5, inapaswa kuongezwa pia saruji kilogramu 20.

## Maji yaliyomo kwenye mchanga

Maji ya kwenye ndoo si maji yote. Mchanga uliolowa mvua, au uliotoka mtoni karibuni, una maji yake. Tuseme mchanganyiko wa mfuko mmoja una kilogramu 100 za mchanga, na unyevu wa mchanga ni asilimia 5 ya uzito huo. Ndani yake zimo lita 5 za maji. Fundi akitia lita 25 bila kuzihesabu hizo, jumla ni lita 30 na uwiano halisi ni 0.6 badala ya 0.5. Kwa jedwali la hapo juu, nguvu imeshuka kutoka karibu MPa 33 hadi karibu MPa 26.

Kinyume chake hutokea wakati wa kiangazi. Kokoto na mchanga mkavu sana hunyonya sehemu ya maji, na zege huonekana kavu upesi. Kwa hiyo wahandisi huhesabu maji huru tu, yaani yale yaliyo nje ya punje na yanayoweza kukutana na saruji.

Mchanga wenye unyevu una tatizo la pili: huvimba. Utando wa maji hutenganisha punje, na ujazo wa mchanga huweza kuongezeka kwa asilimia 20 au zaidi. Anayepima kwa karai au boksi hupata mchanga pungufu kuliko anavyodhani. Mchanga uliojaa maji kabisa hurudi karibu na ujazo wa mchanga mkavu. Kupima kwa uzito huondoa tatizo hili.

## Ulaini wa zege

Maji yana kazi ya pili, nayo ni kulainisha zege ili liingie kwenye pembe za fomu na kati ya nondo. Ulaini huo hupimwa kwa kipimo cha slampu. Hutumika koni ya bati iliyo wazi juu na chini, yenye kimo cha milimita 300, kipenyo cha milimita 200 chini na milimita 100 juu. Zege hutiwa kwa matabaka matatu, na kila tabaka huchomwa mara 25 kwa fimbo ya chuma. Koni ikiinuliwa polepole, zege hushuka. Kiasi lilichoshuka ndicho slampu yake.

Kipimo hiki hakitoi nguvu ya zege. Faida yake kubwa ni kugundua mabadiliko. Ikiwa michanganyiko ya asubuhi ilishuka milimita 60 na wa mchana umeshuka milimita 150, kwa viambato vilevile, yamkini kuna aliyeongeza maji au mchanga umebadilika.

Ulaini unaweza kupatikana bila kuongeza maji peke yake:

* kuongeza maji na saruji pamoja kwa uwiano uleule;
* kutumia kokoto za duara au zilizopangwa vizuri kwa ukubwa;
* kutumia kemikali za kulainisha zege. Zile za kawaida huweza kupunguza maji kwa takriban asilimia 5 hadi 12, na zile zenye nguvu zaidi huweza kufikia asilimia 30.

## Kushindilia na kutunza

Uwiano mzuri hauleti nguvu yake kama zege halikushindiliwa. Kila asilimia moja ya hewa iliyobaki ndani hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 5 hadi 6. Zege lenye asilimia 5 ya mapango huweza kupoteza karibu asilimia 30 ya nguvu yake. Kwa sababu hiyo mashine ya kutetemesha zege hutumika, au fimbo ya kuchomea pale ambapo mashine haipo. Zege la majimaji likitetemeshwa kupita kiasi hutengana: kokoto huzama, maji na uji mwepesi hupanda juu.

Baada ya kuganda, zege hutunzwa kwa kuhifadhi unyevu wake, kwa mfano kwa kumwagilia, kufunika kwa magunia yaliyoloa au kwa karatasi za plastiki. Kwa saruji ya kawaida muda unaoshauriwa mara nyingi ni angalau siku 7, na zaidi kwa saruji zenye pozolana, ambazo hupata nguvu polepole. Maji ya kumwagilia hayaharibu uwiano, kwa sababu zege limekwisha kuganda na nafasi zake zimekwisha kupangwa. Maji mengi kabla ya kuganda hudhoofisha zege, ilhali maji mengi baada ya kuganda hulisaidia.

## Upimaji wa nguvu

### Utaratibu

Katika nchi zilizofuata viwango vya Uingereza, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, kipande cha kawaida ni mchemraba wenye upande wa milimita 150. Marekani hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 150 na kimo cha milimita 300.

Kwa mchemraba, hatua ni hizi:

1. Zege huchukuliwa mahali linapomwagwa, kutoka sehemu mbalimbali za mchanganyiko.
2. Kalibu ya chuma hupakwa mafuta kidogo, kisha hujazwa kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa.
3. Uso wa juu husawazishwa. Kipande huandikwa tarehe na mahali zege lilipotumika, kisha hufunikwa kisikauke.
4. Baada ya siku moja hivi kipande hutolewa kwenye kalibu na kuwekwa ndani ya maji. Kiwango cha Ulaya hutaka joto la nyuzi 20 za selsiasi, kukiwa na nafasi ya nyuzi 2 juu au chini.
5. Baadhi ya vipande huvunjwa siku ya 7 na vingine siku ya 28.
6. Kwenye mashine, mchemraba hulazwa ubavu, ili nyuso mbili zinazobanwa ziwe zile zilizogusa chuma cha kalibu. Uso uliosawazishwa kwa mkono hukaa pembeni.

Nguvu hupatikana kwa kugawanya mzigo uliovunja kipande kwa eneo la uso wake. Eneo la mchemraba ni 150 × 150 = milimita mraba 22,500. Ukivunjika kwa kilonyutoni 675, nguvu yake ni 675,000 ÷ 22,500 = MPa 30.

### Hali zinazobadilisha majibu

Umbo. Zege lilelile hutoa namba kubwa likipimwa kwa mchemraba kuliko kwa silinda. Mabamba ya mashine husuguana na nyuso za kipande na kuzuia zege lisipanuke pembeni. Mchemraba ni mfupi, kwa hiyo kizuizi hicho hufika hadi katikati yake. Silinda ni ndefu mara mbili ya kipenyo chake, na sehemu yake ya kati iko huru zaidi. Kwa kawaida nguvu ya silinda ni karibu asilimia 80 ya nguvu ya mchemraba. Ndiyo sababu viwango vya Ulaya huandika daraja la zege kwa namba mbili: C25/30 maana yake MPa 25 kwa silinda na MPa 30 kwa mchemraba.

Ukubwa. Vipande vidogo huelekea kutoa nguvu kubwa kidogo kuliko vipande vikubwa, kwa kuwa nafasi ya kukuta kasoro ndani ya kipande kikubwa ni kubwa zaidi.

Hali ya uso. Uso wenye kinundu au ulioinama hubeba mzigo mahali pamoja tu, na kipande huvunjika mapema. Ncha za silinda husawazishwa kwa kusagwa au kwa kufunikwa na tabaka jembamba gumu. Mchemraba mzuri huvunjika kwa umbo linalofanana na piramidi mbili zilizogusana kwa vilele. Ukivunjika upande mmoja tu, jibu lake hutiliwa shaka.

Kasi ya mzigo. Mzigo unaopandishwa haraka hutoa namba kubwa, kwa sababu nyufa ndogo hazipati muda wa kukua. Kiwango cha Ulaya huelekeza karibu MPa 0.6 kwa sekunde na kile cha Marekani karibu MPa 0.25 kwa sekunde. Kwa kasi ya kwanza, mchemraba wa MPa 30 huvunjika baada ya sekunde 50 hivi.

Unyevu wakati wa kupima. Kipande kikavu hutoa nguvu kubwa kuliko kilicholoa, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20. Jambo hili huwachanganya wanafunzi, kwa sababu kutunza zege kwa maji huongeza nguvu. Mambo hayo ni mawili tofauti. Maji ya wiki za kwanza huendeleza mmenyuko wa saruji, na faida yake ni ya kudumu. Maji yaliyomo kwenye vitundu siku ya kupima hupunguza namba ya siku hiyo tu. Kipande kilichoachwa juani tangu siku ya pili kimepoteza nguvu halisi, hata kama ukavu wake unaficha sehemu ya hasara hiyo kwenye mashine.

Joto. Zege lililoganda kwenye joto kali hupata nguvu haraka siku za mwanzo, lakini nguvu yake ya baadaye huwa ndogo kuliko ya zege lililoganda kwa utulivu. Kipande kilichokaa kwenye bati la gari mchana kutwa hakilingani na kilichokaa kwenye tangi la maabara.

Umri. Kwa saruji ya kawaida, nguvu ya siku 7 huwa takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Nguvu huendelea kuongezeka polepole baada ya hapo kama unyevu upo. Siku 28 zilichaguliwa kama umri wa kulinganishia, na ni wiki nne kamili, hivyo siku ya kumwaga na siku ya kupima ni siku ileile ya juma.

### Kusoma majibu

Michemraba ya zege moja haivunjiki kwa mzigo uleule. Kwa hiyo mhandisi hutumia nguvu bainifu, yaani kiwango ambacho si zaidi ya asilimia 5 ya vipimo vinatarajiwa kuwa chini yake. Ili kufikia MPa 25 kwa maana hiyo, wastani lazima uwe juu zaidi. Kama mtawanyiko wa vipimo (mkengeuko sanifu) ni MPa 5, wastani unaolengwa ni 25 + (1.64 × 5) = karibu MPa 33. Mahali ambapo maji hupimwa kwa uangalifu mtawanyiko huwa mdogo, na saruji huokolewa.

Mchemraba pia hauelezi zege lililomo ndani ya nguzo. Unaeleza kile ambacho zege hilo lingeweza kufikia kama lingeshindiliwa na kutunzwa vizuri. Michemraba ikitengenezwa kabla ya ndoo ya ziada kutiwa, majibu yake yatakuwa mazuri na nguzo itakuwa dhaifu.

## Kupima zege lililokwisha kumwagwa

Shaka ikitokea baada ya ujenzi, njia mbili hutumika sana. Nyundo ya kudunda, iliyobuniwa na Ernst Schmidt wa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1940, hupima jinsi kichuma kinavyoruka baada ya kugonga uso wa zege. Ni ya haraka, lakini hupima tabaka la juu tu, na hubadilika kwa unyevu na ulaini wa uso. Hufaa zaidi kulinganisha sehemu moja na nyingine.

Njia ya pili ni kukata viini kwa mashine ya duara, kisha kuvivunja maabara. Kiini kifupi hutoa namba kubwa kuliko kirefu. Kwa kiwango cha Marekani, kiini ambacho kimo chake ni sawa na kipenyo, jibu lake huzidishwa kwa 0.87. Kanuni za ujenzi za nchi hiyo hukubali zege iwapo wastani wa viini vitatu ni angalau asilimia 85 ya nguvu iliyoagizwa na hakuna kiini kilicho chini ya asilimia 75.

## Kudumu kwa zege

Vitundu vilivyoachwa na maji ya ziada vikiungana huwa njia ya maji, hewa na chumvi. Kwa uwiano wa 0.45, njia hizo huzibika baada ya wiki moja hivi ya kutunzwa kwa unyevu. Kwa uwiano wa 0.6 huhitaji karibu miezi sita. Zaidi ya 0.7 hazizibiki kabisa hata saruji yote ikiungana na maji.

Jambo hili ni muhimu kwenye mwambao, kama vile Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako upepo hubeba chumvi ya bahari. Chumvi ikifika kwenye nondo, chuma hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoiacha, hivyo zege hupasuka na kubanduka. Kiwango cha Ulaya hupendekeza uwiano usiozidi 0.50 kwa zege linalopata hewa ya chumvi ya bahari, na usiozidi 0.45 kwa zege lililo majini au linalopigwa na mawimbi.

## Hali katika Afrika Mashariki

Saruji huuzwa kwa mifuko ya kilogramu 50, na madaraja yanayoonekana sana ni 32.5 na 42.5. Wanunuzi wengine hudhani namba hiyo ndiyo nguvu ya zege watakalopata. Kwa kweli ni nguvu ya chini inayotakiwa kufikiwa siku ya 28 na kipande cha saruji na mchanga maalumu maabarani, kwa gramu 450 za saruji, gramu 1,350 za mchanga na gramu 225 za maji, yaani uwiano wa 0.5. Zege la nyumbani lenye uwiano wa 0.7 haliwezi kudai namba hiyo. Ubora wa saruji husimamiwa na mashirika ya viwango ya taifa, kama TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya.

Katika ujenzi mdogo, vipimo vya 1:2:4 hutajwa mara nyingi, yaani saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4. Vipimo hivyo havitaji maji, na hapo ndipo nguvu hupotea. Siku ya kumwaga zege la ghorofa, vibarua hupandisha makarai kwa mikono kuanzia alfajiri, na zege jepesi hurahisisha kazi yao. Njia rahisi ya kudhibiti ni kutumia ndoo moja yenye alama, kuhesabu ndoo kwa kila mfuko, na kumpa mtu mmoja tu jukumu la kutia maji.

Kuporomoka kwa majengo kumeifanya mada hii ijulikane nje ya vyuo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, na kuua zaidi ya watu 40. Ajali za namna hii huwa na sababu nyingi kwa pamoja, zikiwemo msingi, usanifu, nondo, kuongeza ghorofa bila kibali na usimamizi. Nguvu ya zege ni mojawapo ya mambo yanayochunguzwa, na ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuzuiwa kwa gharama ndogo kabla zege halijaganda.

## Makosa ya kawaida

* Kuongeza maji kwenye zege lililoanza kuganda ili lilainike tena.
* Kutohesabu maji yaliyomo kwenye mchanga baada ya mvua.
* Kunyunyiza saruji kavu juu ya zege la majimaji ili kunyonya maji; sehemu ya chini hubaki dhaifu.
* Kulinganisha majibu ya silinda na ya mchemraba bila kuyabadilisha.
* Kuacha michemraba bila kuitia maji, kisha kulaumu saruji.
* Kuondoa mihimili ya fomu kwa kuangalia ugumu wa uso badala ya umri na nguvu iliyopimwa.

## Tazama pia

* Saruji
* Zege
* Chokaa
* Nondo
* Uhandisi ujenzi